Fundi Mmh, Aliyefanya Kazi na Misumari Mdomoni

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Familia imenipa karatasi hii niisome mimi kwa kuwa ni dada mkubwa wa mjane, na kwa kuwa, kama marehemu mwenyewe alivyopenda kusema akiwa ametema misumari, shemeji yake huyu haogopi mtu, basi walio na viti wakae, walio nje ya turubai wasogee ndani, na wale wanaonong'ona pale getini wanyamaze kidogo, maana hayo wanayoyanong'ona yamo humu, yote, na yatasomwa.

Jana jioni kikao cha familia kilichelewa kwisha kwa sababu ya mstari mmoja tu. Baba mdogo wa marehemu alitaka iandikwe kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, kama inavyoandikwa kwa watu wote, akasema kwamba fundi wa heshima, mtu mzima mwenye mjukuu, hawezi kusomwa hadharani kwamba ameuawa na jino, tutachekwa kizazi hadi kizazi, na wengi mle ndani waliitikia kwa vichwa. Mjane, ambaye tangu Jumanne vikaoni hakuwa amesema zaidi ya kuitikia pole, alisimama kwenye mlango wa jikoni akasema, "Wacheke. Wakicheka midomo itafunguka, na ikifunguka waangaliane." Mstari ule ukafutwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1964, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya mashine ya kusaga, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi makochi na mama mshona foronya, nyumba ambamo watoto walitambaa juu ya usufi na kujifunza kuhesabu kwa vifungo vya mito. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, huyu hapa aliyeketi kando ya jeneza, mnayemfahamu nyote kwa jina la Redio, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata akiwa usingizini, na ambaye tangu juzi amekaa kimya na leso shavuni, watu wakisema kwamba msiba umemzima. Hilo nalo tutalifikia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1972 na kumaliza darasa la saba mwaka 1978, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kusoma kwa sauti, si kwa kutojua, bali kwa kuwa maneno kwake yalikuwa mali ya kutumia kwa akiba. Mwalimu wake wa darasa la sita aliwahi kumtoa nje ya chumba kwa kumkuta amebana pini nne midomoni katikati ya somo la historia, akidhani ni utundu, kumbe mtoto alikuwa akifanya mazoezi ya ukoo.

Hapa inabidi wageni wa kazi hii waelezwe. Fundi makochi ana mikono miwili na kazi ya mikono mitatu, mmoja unavuta kitambaa kikaze, wa pili unapiga nyundo, na wa tatu, ambao hatukujaliwa, ndio ungeshika msumari, kwa hiyo baba yao aliwafundisha wanawe kutia konzi ya misumari midogo mdomoni, kuugeuza mmoja mmoja kwa ulimi, kuutoa kati ya meno kichwa kikitangulia, na kuunasa kwa nyundo yenye sumaku kabla mteja hajapepesa macho. Ni ufundi mzuri kuutazama, na huvunja meno. Mzee yule alifariki akiwa na meno sita, na mapengo yake aliyavaa kama askari anavyovaa nishani, akiwaambia wanawe kwamba fundi mwenye meno yote bado ni mwanafunzi, nao wakaamini, ikawa kila jino la mmoja wao likimeguka wanapeana mikono. Msiba huu ulianzia hapo, wapendwa, haukuanza mwaka huu.

Mwaka 1981 aliingia rasmi katika karakana ya baba yake, na mwaka 1987, mzee alipofariki, yeye na Redio waliirithi, chumba kile cha milango miwili kati ya kinyozi na fundi wa matairi, wakaifanyia kazi mpaka mwisho. Kwa kuwa mdomo wake ulijaa chuma kuanzia asubuhi hadi jioni, marehemu aliwajibu wateja wote kwa sauti moja, mmh ya kupanda ilikuwa ndiyo, mmh ya kushuka ilikuwa hapana, na ile ndefu iliyonyooka ilimaanisha kwamba bei yako ni matusi, jina likamganda, hata wanawe shuleni wakaitwa watoto wa Mmh. Redio ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, maana yeye alijua kuisukuma misumari yote kwenye shavu la kushoto, kushoto siku zote, na kuendelea kusimulia mpira kana kwamba anamung'unya peremende. Pamoja walishona viti vya ukumbi wa sinema, mabenchi ya wodi ya wazazi, makochi ya nusu ya nyumba za watu walioketi hapa, na mwezi Novemba 2021 walishona upya kiti cha mgonjwa cha daktari wa meno wa mtaa wa pili.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1993 na mdogo wangu, ambaye alikuwa amepeleka kiti cha mama yetu karakana, akauliza maswali matatu, akapata mmh tatu, akamwambia mbele ya wateja, "Tema kwanza, ndipo useme na mimi. Mimi si kochi." Alitema misumari yote kiganjani, akaifuta kwenye aproni, akamuuliza jina lake, na inasemekana hiyo ndiyo siku pekee ambayo Redio alikosa la kusema. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni mpima ardhi, kijana ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kitindamimba ambaye yuko kidato cha nne, pamoja na mjukuu mmoja wa kike, ambaye babu yake alikuwa akimpulizia shingoni mpaka anaishiwa pumzi kwa kicheko.

Sasa naingia kwenye ugonjwa, na naomba mvumilie, maana ni mrefu kuliko vile baba mdogo alivyotaka.

Mwaka 2016 marehemu aliambiwa ana kisukari. Aliacha sukari kwenye chai, akaacha soda, akawa anakwenda kazini kwa miguu, na bado kipimo hakikushuka, nasi tukamsimanga, mtaa mzima tulimsimanga, kwamba anakunywa soda akijificha nyuma ya magodoro, naye akajitetea kwa mmh ya kushuka ambayo hakuna aliyeiamini. Wakati huohuo fizi zake zilikuwa zikitoka damu, kila asubuhi mdogo wangu alikuta wekundu kwenye sinki akaumwagia maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba sinki lile na kipimo cha sukari vina habari za kupeana. Mwaka huu daktari ametueleza kwamba fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kushuka, na sukari iliyopanda nayo huzila fizi, vinasaidiana kama wezi wawili, mmoja ndani na mwingine dirishani. Kwa hiyo nasema mbele ya jeneza lake na mbele yenu nyote kwamba soda ile hakuinywa.

Mwezi Agosti 2021 gego lake la chini, upande wa kulia, lilipasuka juu ya msumari. Alipeana mkono na Redio kama ilivyo ada, akatia karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akameza vidonge vya maumivu, na jino likamwachia siku mbili, likarudi, likamwachia, likarudi. Alianza kutafuna upande mmoja, kisha akaiacha nyama, kisha akawa anachovya mkate kwenye chai mpaka ulainike, suruali zikaanza kumvuka, na mdogo wangu akawa anazipunguza kiunoni. Usiku alilala amegeukia ukuta. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na mjukuu alipomkimbilia ili apuliziwe shingoni alimpa kipaji cha uso badala ya mdomo, kwa kuwa aliijua harufu yake mwenyewe na aliionea haya.

Mke na mume huambiana mengi, lakini si kazi ndogo kumwambia mtu uliyezaa naye kwamba kinywa chake kinanuka. Mdogo wangu alijaribu kwa heshima, alinunua mswaki mpya akauweka kando ya kikombe chake, na jioni akamkuta anautumia kusafishia mahameli. Alimwambia aende kwa daktari, akajibiwa kwa maneno kamili, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga ngumi mezani, kwamba jino si ugonjwa, jino ni jino.

Na Novemba ile, wakati wa kukikabidhi kile kiti cha daktari wa meno, marehemu alikilalia mwenyewe, kama alivyofanya kwa kila kiti alichokishona, ili asikie sponji inavyoupokea mgongo. Alikuwa amelala pale, taa iko juu ya uso wake, jino limepasuka kinywani mwake, na daktari akiwa amesimama pembeni akamwambia kwa upole, "Fundi, si ungefungua tu kidogo, nitazame?" Mmh ya kushuka, akainuka, akapangusa alama za viatu vyake, akaenda zake, na Redio akaisimulia habari ile mtaa mzima kama kichekesho, kwamba kaka yake amelala kwenye meza ya mchinjaji na kuamka na shingo yake. Tulicheka sana, na daktari huyo yuko hapa leo, safu ya pili, anajua kwamba hakucheka.

Mwezi Desemba 2023 jino liliacha kuuma. Liliacha kabisa, halikurudi, marehemu akala korosho kwa upande wa kulia mbele ya watu, Redio akatangaza kwamba ugonjwa umekufa wenyewe kwa kukosa hela ya daktari, na nyumbani kukawa na furaha. Daktari wa meno ametueleza juzi, na nanukuu kama alivyosema, kwamba jino lililouma miaka na kunyamaza ghafla halijapona, kilichokufa ni mshipa wake wa kuhisi, usaha unabaki kule chini na hakuna tena wa kupiga kelele.

Kuanzia Januari zilianza homa za jioni. Shuka zililowa jasho, asubuhi akaamka mzima, na kwa kuwa homa kwetu ina jina moja tu alinunua dawa ya malaria, akanunua tena, kipimo kikasema hana malaria, akanunua vidonge vingine dukani, akapata nafuu, akaviacha katikati, homa ikarudi. Mwezi Machi vilionekana vistari vyekundu vinavyokaribia weusi chini ya kucha zake, vyembamba kama vibanzi vya mbao, naye akadhani amejipiga nyundo bila kujua. Mtanielewa mkijua kwamba fundi wa kiwango kile kujipiga nyundo ni fedheha, ni kama rubani kukosea mlango wa ndege, kwa hiyo badala ya kumwonyesha mtu aliificha mikono mifukoni, na mdogo wangu alipomshika mkono sokoni, njiani, popote pale mtu anaposhikwa mkono na mkewe, aliutoa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio ndicho hiki tulichokikalia.

Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024 aliinua kiti cha mtu mmoja, aina ile aliyokuwa akiitupia begani huku akitembea, akakaa chini katikati ya karakana akihema kama mtu aliyekimbizwa, na fundi wa matairi akamkimbiza hospitali kwa gari lake. Daktari aliyempokea, binti mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, alisikiliza kifua, akatazama kucha, kisha akamwambia afungue mdomo, na marehemu akamuuliza, "Binti yangu, mimi naumwa moyo, huko mdomoni unatafuta nini?" Daktari alimulika tochi, akatazama, kisha akavuta kiti akaketi mbele yao. Aliwaeleza kwamba moyo una milango midogo inayopitisha damu, kwamba vijidudu vya kinywani vimeingia kwenye damu kupitia jino bovu na fizi zilizooza, vimesafiri hadi moyoni, vimekaa juu ya mlango mmoja na vinautafuna. Si kila jino bovu hufika huko, daktari alilisema hilo wazi ili tusiogopeshane bure, lakini la kwake lilikuwa limefika.

Alilazwa kwa wiki nyingi akiwa na dripu mkononi, gego lile liling'olewa palepale hospitalini, homa ikakata, na mwishoni mwa Mei tuliamini tumemrudisha. Alikula yai zima, alicheka bila kuziba mdomo, mjukuu alipandishwa kitandani akapuliziwa shingo mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini, na ikapangwa kwamba akipata nguvu apelekwe hospitali kubwa akabadilishwe mlango ule wa moyo. Jumapili tarehe 9 Juni alimwita mkewe karibu, akamwambia maneno ambayo hatukujua kwamba ndiyo ya mwisho yenye maana kamili, "Mwambie Redio ateme." Jumanne tarehe 11 Juni, alfajiri, kipande kidogo kilimeguka kwenye mlango wa moyo kikapanda kichwani, akapatwa na kiharusi, na saa nne asubuhi akatutoka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule binti aliyemulika kinywa cha mtu aliyekuja na kifua, asanteni majirani mliopika na kulala nasi, kinyozi aliyefunga duka, fundi wa matairi na gari lake ambalo viti vyake marehemu alivishona bila kuchukua chochote. Nawashukuru kwa namna ya pekee mafundi makochi wenzake, ambao juzi walilitandika jeneza hili kwa mahameli ya bluu, na ambao kwa mara ya kwanza tangu wajifunze kazi waliiweka misumari yao kwenye kopo, wakaiokota kwa vidole, kazi ikaenda polepole na ikapinda kidogo upande wa miguuni, msijali, yeye angeona lakini angesamehe.

Wote waliiweka kwenye kopo isipokuwa mmoja. Mdogo wangu alikuwa amesimama na sinia la chai, akamwona Redio akitia misumari mdomoni kama walivyofunzwa, na akaona jambo ambalo hakuna mwingine angeliona, kwamba Redio, mtu wa shavu la kushoto tangu ujana wake, ameisukuma misumari shavu la kulia. Chai ilimwagika. Alimuuliza, akaambiwa si kitu, alimuuliza tena jana, leso ikiwa tayari imepanda shavuni, akaambiwa kwa shida, maana mdomo haufunguki sawasawa, kwamba ataenda baada ya mazishi, mambo yakitulia.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, mjukuu mmoja na mdogo mmoja, na familia inataka hesabu hii ibaki hivi ilivyo.

Redio, shemeji yangu, hapa karatasi inakuita wewe. Watu wamedhani umevimba kwa kulia, lakini kilio hakivimbishi shavu moja. Tangu jana hujala, mate yenyewe unayameza umefumba macho, usiku ulitetemeka kwa homa na kijana wetu akakufunika akidhani ni baridi. Mjane ameamua, na kikao kimekubali, na baba mdogo ndiye aliyekubali wa kwanza, kwamba jeneza halitainuliwa leo mpaka wewe uwe umeangaliwa. Daktari wa meno amekuja na funguo za kliniki mfukoni, gari la fundi wa matairi linaunguruma pale getini, daktari atakutazama, na akiona kwamba jambo limemzidi atakupeleka hospitali mwenyewe, nasi tutakaa hapa na marehemu hadi tupate habari zako, hata kama ni mpaka jioni, hata kama ni kesho. Aliyelala hana haraka. Kiti utakachokilalia alikishona yeye, sponji alipanga yeye, alikijaribu kwa mgongo wake mwenyewe akaondoka bila kufungua mdomo, na tangu siku ile kinamngoja mtu wa nyumba hii. Kaka yako amekuagiza uteme. Mbele ya watu hawa wote, shemeji, nakuuliza mara moja tu, utakwenda?

Mmeisikia. Walio nyuma kama hamkusikia nawaambia mimi, amesema mmh, na imepanda. Mpisheni njia.

Fundi wetu, umejibiwa, sasa pumzika, kwa amani.